Mchaichai wako umekonda na katikati umekauka? Usiung'oe, ugawe

#1 Mtunza Ndoo

Wakuu, habari za jioni.

Kila nikipita jukwaa hili la bustani nakuta mtu anauliza: "Mchaichai wangu ulikuwa umenona, sasa majani yamekuwa membamba na katikati pamekauka, niweke mbolea gani?" Huyu anamjibu samadi, yule majivu, mwingine anamwambia ang'oe aanze upya, halafu uzi unalala. Nimepanda mchaichai kwenye ndoo tangu 2016, nimehama nao nyumba tatu za kupanga hapa Dar, na jibu ninaloliamini ni moja tu: ugawe. Mchaichai uliobanana haufufuliwi na mbolea.

Nianze na mmea wenyewe, maana ukishaujua mengine yanakuwa mepesi. Mchaichai ni nyasi, ukoo mmoja na muwa, mahindi na mtama. Asili yake ni Asia ya Kusini na Kusini-Mashariki, ila umekaa kwetu mpaka tunauona wa kwetu. Hauna shina moja linalokua likawa mti. Unatoa machipukizi pembeni, chipukizi nalo linatoa la kwake, kichaka kinapanuka kwenda nje. Maua yake ni nadra kuyaona na mbegu ndiyo kabisa. Kwa hiyo karibu kila mchaichai unaoujua ni kipande cha mchaichai mwingine: umepewa na jirani, naye alipewa na shangazi yake, na shangazi aliutoa kwao.

Sasa kichaka kikishapita miaka miwili au mitatu ndani ya ndoo, machipukizi mapya yote yako ukingoni yanasukumana na plastiki. Ya zamani yamebaki katikati, yamekufa yamesimama vilevile, yanaziba mwanga. Chini mizizi imejizungusha kama katani. Ukimwagilia, maji yanateremka pembeni na kutokea kwenye matundu, katikati hayafiki. Hapo ndipo majani yanakonda na kuanza kukauka ncha, na wewe unazidi kuweka samadi.

Mimi nilikuwa nimeshaubeba wangu kuupeleka jalalani. Mama mmoja jirani, mwenyeji wa Muheza, akaniita: "Mwanangu, huo haujafa, umebanwa. Lete hapa."

Akailaza ndoo, akaipigapiga pembeni kwa kiganja mpaka kichaka kikachomoka kizima kikiwa na umbo la ndoo. Akachukua panga akakipasua katikati kama papai. Mle ndani palikuwa pakavu, rangi ya mkonge, panatoa vumbi. Lakini ukingoni kila shina lilikuwa na kitako kigumu cheupe, na kwenye kitako vidoadoa vya mizizi mipya, vidogo kama punje za mchele. Hivyo ndivyo alivyonionyesha kwa kucha yake: "Ukiona hivi, lipo hai." Akayachomoa mashina moja moja kwa mkono, kila moja na kitako chake na mizizi kidogo, akayamenya majani makavu ya nje mpaka likabaki shina bichi la kijani kinachoelekea weupe wa maziwa. Uani kote kukanukia. Kisha akashika majani akayakata, akabakisha kama shubiri moja. Nikamuuliza mbona anakata majani mazuri. Akasema mizizi tumeikata, haitaweza kuyanywesha yote hayo.

Tulipata mashina hai 23. Matatu nikarudisha kwenye ndoo, mengine akaniambia nigawe mtaani, na mpaka leo nikipita naona vichaka vilivyotoka kwenye ndoo yangu kwenye nyumba nne.

Ninavyopanda mimi: ndoo ya lita 20, ile ya rangi inafaa ikioshwa ikatakata. Matundu chini yasipungue sita, ya ukubwa wa kidole, na mengine mawili matatu ubavuni karibu na kitako cha ndoo. Mchaichai wangu wa kwanza ulikufa kwa sababu nilitoboa tundu moja, likaziba, mizizi ikaoza. Udongo: mweusi sehemu mbili, mchanga sehemu moja, samadi iliyooza vizuri sehemu moja. Shina lizame mpaka kitako kifunikwe na vidole viwili juu yake, si zaidi. Weka matatu kwenye ndoo, yaachane. Wiki mbili za kwanza kivuli cha nusu siku, baada ya hapo jua kadiri unavyoweza. Mchaichai wa kivulini unarefuka, unalala, na harufu yake ni nyepesi.

Kugawa kuzuri kwa sisi wa pwani ni masika yakianza, mwezi wa tatu, au vuli. Januari na Februari usithubutu, jua linayachoma mashina kabla hayajashika.

Uvunaji usiwe na pupa. Shina jipya liachwe miezi minne hivi. Baada ya hapo kata majani kwa kisu kikali kiganja kimoja juu ya udongo, au chomoa shina zima la ukingoni ukitaka kulitumia jikoni. Vaa shati la mikono mirefu, makali ya jani la mchaichai yanachana ngozi kama karatasi mpya.

Ukinunua mashina sokoni ili upande, angalia kitako. Wauzaji wengi wanakata juu ya kitako ili fungu lionekane safi. Hilo halitaota hata uliombee. Lenye kitako lisimamishe kwenye glasi ya maji ya vidole vitatu, badilisha maji kila siku mbili, wiki moja hadi mbili utaona mizizi.

Karibuni kwa maswali na marekebisho.

#2 Natokea Njombe

Shukrani sana mkuu, uzi umekuja wakati wake. Mimi nipo Njombe, na tatizo langu ni baridi. Kila mwezi wa sita na wa saba sakitu inapiga, asubuhi majani yote yamekuwa meupe, mchana yanakuwa kahawia kama yamemwagiwa maji ya moto. Miaka miwili mfululizo nimeng'oa na kupanda upya. Nilikosea?

#3 Mtunza Ndoo

Mkuu, inawezekana uling'oa mmea uliokuwa hai. Sakitu inaua majani kwanza. Kitako kikiwa chini ya udongo mara nyingi kinapona kama baridi haikuzama sana. Majani yakishaungua usiyakate hapo hapo, yaache yalale juu ya kichaka, yanafanya kazi ya blanketi. Ongeza nyasi kavu au maganda ya mahindi shinani. Baridi ikiisha ndipo ukate chini na ukague vitako kwa kucha. Kama uko kwenye ndoo, jioni isogeze barazani karibu na ukuta, usiku mmoja mbaya unatosha kuharibu. Kwako kugawa kusubiri mvua za mwezi wa kumi na moja.

#4 Bimkubwa wa Unguja

Assalaam alaykum wanangu. Kupanda mmesema vyema, lakini naona mnauharibu mwishoni kwenye sufuria. Watu wanachemsha mchaichai nusu saa, nyumba nzima inanukia, kisha wanashangaa chai haina ladha. Kama nyumba inanukia, basi ile harufu imeshatoka kwenye chai.

Sie tunachukua majani matano sita, tunayaosha, tunayakunja pamoja tunayapiga fundo. Fundo lina maana yake: jani linavunjika vunjika ndani, mafuta yanatoka, na kulitoa baadaye ni rahisi, hupati vipande kwenye kikombe. Maji yakishatokota tia fundo, acha lichemke dakika mbili tatu, kisha zima moto na UFINIKE. Dakika kumi. Mfuniko ukiufunua utaona matone yake yana harufu, yarudishe ndani.

Ukitaka shina badala ya majani, liponde kwa mchi kidogo tu lipasuke.

Na Pemba, kile kiwanda cha makonyo, vile vikonyo vya karafuu, pale Wawi, Chake Chake, hawatoi mafuta ya makonyo ya karafuu peke yake, mchaichai nao wanautia mvuke wakapata mafuta. Ndiyo hiyo hiyo: mvuke ukipita kwenye majani unabeba mafuta. Wenzetu wanaukamata mvuke, nyie jikoni mnauacha uende zake dirishani.

#5 Mtunza Ndoo

Wa alaykum salaam mama, shikamoo. Hilo la matone ya kwenye mfuniko sikuwahi kulifikiria, kuanzia kesho nitafanya hivyo.

Niongeze kwa wanaopenda kujua sababu: harufu ya mchaichai inatokana hasa na kitu kiitwacho sitrali, ndiyo sehemu kubwa ya mafuta yake. Ipo pia kwenye ganda la limau, kwa kiasi kidogo. Ndiyo maana vinanukia kama ndugu, ila mchaichai hauna ule ukali wa limau ulimini.

#6 Jiko la Nyuma

Samahani mleta uzi, kama hauna uchachu, mbona mimi nikiweka mchaichai kwenye chai ya maziwa yanakatika? Imenitokea mara tatu, na mara moja nilikuwa na wageni. Mume wangu ameniambia mchaichai na maziwa havikai pamoja, niache.

#7 Mtunza Ndoo

Dada, nikuulize: huwa unaweka na tangawizi?

#8 Jiko la Nyuma

Ndiyo, tangawizi mbichi, naisaga nikatia pamoja na maziwa yakiwa bado baridi.

#9 Mtunza Ndoo

Basi mchaichai unasingiziwa. Limau linakata maziwa kwa sababu ya uchachu, na mchaichai hauna uchachu huo. Ndiyo uzuri wake, ni njia ya kupata harufu ya limau kwenye chai ya maziwa bila maziwa kuharibika. Anayekata maziwa yako ni tangawizi. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa, lakini kikichemka kinakufa.

Fanya hivi: chemsha maji na tangawizi kwanza, yatokote dakika tano. Tia majani ya chai. Mimina maziwa, yachemke yapande. Zima, ndipo utie lile fundo la mchaichai la Bimkubwa, finika, dakika kumi, chuja kwenye chupa ya chai. Utuletee majibu.

#10 Baharini Kongowea

Hamjambo wote. Huku Mombasa kila nyumba ina mchaichai mlangoni, na wazee wasema wafukuza mbu na nyoka. Mimi nina vichaka vinne pembeni mwa dirisha na mbu waniuma vile vile. Je, nizidishe?

#11 Mtunza Ndoo

Mkuu, usizidishe. Mafuta yamefungwa ndani ya jani. Jani likiwa limetulia kwenye kichaka halitoi harufu ya kutosha kumzuia mbu hata aliye hatua moja. Ukilisugua mikononi unapata nafuu ya muda mfupi tu. Lala kwenye chandarua.

Nyoka usimtegemee mchaichai kabisa. Kichaka kikubwa kilichojaa majani makavu chini ni maficho mazuri ya panya, na panya ndiye chakula cha nyoka. Ukitaka amani safisha shina, toa makavu, na usiache kichaka kigusane na ukuta wa nyumba.

Halafu kuna jambo la kuangalia. Kuna nyasi nyingine, ndugu wa mchaichai, ambayo mafuta yake ndiyo hutiwa kwenye dawa za kupaka za mbu. Inaitwa sitronela. Ukiitazama kwa mbali huwezi kuitofautisha. Mwaka 2019 nilinunua miche mitano kwenye kitalu kimoja, muuzaji akaniapia ni mchaichai. Ilipokomaa chai ikawa na harufu ya sabuni, nikadhani nimesuuza sufuria vibaya, nikarudia, bado sabuni. Nikauchimbua mmoja: kitako na sehemu ya chini ya shina vina wekundu wa zambarau. Mchaichai wa chai una kitako cheupe kinachoelekea kijani. Kabla hujalipa, fukua kidogo kwa kidole uone rangi, kata kipande cha jani ukinuse. Limau, chukua. Sabuni au dawa ya mbu, acha.

Wenzetu wa Kongo wajihadhari zaidi na majina, kwa sababu Kifaransa mchaichai wenyewe huitwa citronnelle.

#12 Dada wa Lyon

Nimesoma uzi huu nikiwa kwenye tramu nikapitiliza kituo. Mimi nipo Lyon, Ufaransa, mwaka wa saba. Mchaichai hapa ni vijiti vitatu vimefungwa plastiki dukani, vikavu, bei yake siitaji. Nimejaribu kuotesha, vimekatwa kitako vyote, sasa najua kwa nini.

Ila nataka niwaambie mmea ulionisaidia kuondoa hamu ya nyumbani. Wafaransa wanauita verveine, na ule wa harufu ya limau ni verveine citronnelle. Kiswahili mimi nauita tu vebena ya limau. Wazee hapa wanakunywa chai yake baada ya chakula cha usiku, bila majani ya chai yale ya kawaida, majani yake makavu mazima kwenye birika. Siku ya kwanza kupewa, nilinusa nikajikuta barazani kwa bibi.

Si nyasi. Ni kichaka chenye vijiti vya miti, kinafika mita mbili na zaidi kikiwa ardhini. Majani ni marefu membamba, yanakaa matatu matatu kuzunguka kijiti, na ukipitisha kidole yanakwaruza kama msasa laini. Maua yake madogo mno, meupe yenye urujuani. Asili yake ni Amerika Kusini, upande wa Argentina na jirani zake, Wahispania ndio walioileta Ulaya karne ya 18. Jina lake la kisayansi, Aloysia, ni la heshima kwa María Luisa wa Parma, mke wa Mfalme Carlos IV wa Hispania. Kihispania ni hierba luisa. Jirani yangu Mmoroko anaiita lwiza, na kwao wanaitia hadi kwenye maziwa moto.

Na sikilizeni hili, limenifurahisha sana: Peru na Ecuador ukisema hierba luisa watakuletea mchaichai! Watu wamenusa wakaona ni kitu kimoja, jina likahama. Maelezo ya mleta uzi kuhusu sitrali yamenifungua macho, kwa sababu vebena nayo harufu yake ni ya sitrali hiyo hiyo.

Nilichotaka kukisema hasa ni kwamba na mimi nilitaka kutupa uliokuwa hai. Nilinunua mche mwezi wa tano, nikauweka kwenye chungu barazani ghorofa ya nne. Kiangazi ulinona. Mwezi wa kumi na moja ukaanza kudondosha majani, Desemba vikabaki vijiti vitupu vya kijivu. Nikauweka kwenye ngazi za jengo, nikausahau. Mwezi wa nne miti yote mjini ina majani, wangu bado vijiti. Nikauweka karibu na mapipa. Yule mama Mmoroko akapita, akainama, akakwangua gome kwa ukucha karibu na chini. Ndani kijani kibichi kabisa. Akanishika mkono akaniwekea kidole pale nikione. Wiki tatu baadaye vikatoka vichomozo viwili viwili mpaka nikaona aibu kwamba nilishaukatia tamaa. Vebena inaamka mwisho, miti mingine yote ikiwa imeshaamka.

#13 Mtunza Ndoo

Dada wa Lyon, umenigusa sana. Ukucha wa mama wa Muheza na ukucha wa mama wa Kimoroko vimefanya kazi moja. Tuambie unautunzaje, na unauzalishaje kama hauna vitako.

#14 Dada wa Lyon

Unazaliana kwa vijiti. Mwezi wa sita nakata ncha changa za urefu wa kidole cha kati, ambazo hazina maua, natoa majani ya chini naacha mawili matatu ya juu nayakata nusu, nachomeka kwenye mchanga na udongo mwepesi wenye unyevu, nafunika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako. Si vyote vinashika. Mwaka jana vilishika vinne kati ya tisa.

Unapenda jua na udongo usiotuamisha maji. Wakati wa baridi, ukiwa hauna majani, maji kidogo sana, ukizidisha unaoza. Adui yake barazani kwangu ni utitiri mwekundu: jani linakuwa na vidoa vya njano na ukitazama chini kwa karibu unaona utando mwembamba kama wa buibui. Naubeba bafuni nausuuza chini ya majani kila baada ya siku tatu, mpaka waishe.

Ukubali kuupunguza. Ukiogopa mkasi unakuwa vijiti virefu vyenye majani juu tu. Na majani yake yakikauka yanatunza harufu kuliko mchaichai, haya ya mwaka jana bado nikifungua chupa chumba kinanukia.

#15 Natokea Njombe

Dada, huo mmea unavumilia baridi ya chini ya sifuri? Kama unavumilia basi ndio wa kwetu Njombe! Ukija likizo nibebee vijiti viwili kwenye begi.

#16 Dada wa Lyon

Unavumilia, ukiwa na mizizi ya kutosha na udongo mkavu, majani yatadondoka lakini kijiti kinabaki. Kwenye begi kaka yangu siwezi. Mmea hai unahitaji kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea, na wa kuulizwa Tanzania ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Si urasimu wa bure: utitiri niliousema na magonjwa mengine yanasafiri hivyo hivyo, kwenye kijiti cha zawadi. Nitakuletea majani makavu ya dukani yaliyofungwa, na hayo pia nitauliza kwanza. Mche uulizie kwenye vitalu vya nyanda za baridi.

#17 Mwana wa Sengerema

Mada nzuri. Mama yangu ana presha, ameambiwa na watu wa kanisani aache vidonge anywe mchaichai asubuhi na jioni. Na kuna ujumbe unazunguka WhatsApp kwamba mchaichai unaponya saratani, umetoka Israeli. Kuna ukweli?

#18 Mtunza Ndoo

Mkuu, kwa hili naomba unisikilize vizuri. Mama asiache vidonge. Chai ya mchaichai haijawahi kuwa badala ya dawa ya presha, na presha inayopanda kimya inaweza kumpa kiharusi bila hata kumuuma kichwa. Anywe chai yake kwa sababu ni tamu, vidonge viendelee, na amwambie daktari kila anachokunywa. Mjamzito naye aulize kliniki kabla ya kuifanya kinywaji cha kila siku. Mafuta yaliyokamuliwa ni kitu kingine kabisa, hayo ni makali, hayanywewi.

Huo ujumbe wa saratani umetokana na utafiti wa kweli uliopotoshwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion, Israeli, waliweka sitrali kwenye seli za saratani maabara, wakachapisha mwaka 2005. Zilikuwa seli kwenye vyombo, si wagonjwa. Kutoka pale mpaka kwenye kikombe cha mtu anayeumwa ni mbali sana, na nimewahi kumzika mtu wa karibu aliyechelewa hospitali kwa sababu ya ujumbe wa namna hiyo. Tafadhali msiusambaze.

#19 Naguru Hill

Salaam kutoka Kampala, huku sisi tunauita kisubi. Ndugu mwenye uzi, majani yangu yana mistari ya rangi ya kutu upande wa chini, nikigusa vumbi la kahawia linabaki kwenye vidole. Ni ukosefu wa mbolea?

#20 Mtunza Ndoo

Hapana, hiyo ni kutu kweli, ugonjwa wa ukungu. Unaenea majani yakikaa na unyevu na kichaka kikibanana hewa isipite. Kata majani yote yenye mistari, uyafukie mbali au uyachome, usiyaweke kwenye mbolea. Mwagilia shinani asubuhi, usimwagie majani. Kichaka kikiwa kikubwa, rudi pale juu kwenye panga la mama wa Muheza. Ukigawa, chukua mashina yaliyo safi tu. Usiyakaushe majani hayo kwa chai.

Na kwa kuwa kukausha kumetajwa: majani mazuri kata vipande vya nusu kidole, tandaza kwenye ungo kivulini penye upepo siku tatu hadi tano, yageuze. Yakivunjika kwa sauti, weka kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko. Juani yanapauka na harufu inakwenda.

#21 Jiko la Nyuma

Nimerudi. Nimefuata ile ya tangawizi kwanza, maziwa baadaye, mchaichai mwisho na mfuniko. Hayajakatika! Mume wangu amekunywa vikombe viwili akauliza nimeweka nini kipya, nikamwambia ni ule ule mchaichai. Leo mchana nimetia shina moja lililopondwa kwenye tui zito la samaki, nikalitoa kabla ya kupakua. Limeondoa shombo kabisa.

#22 Bimkubwa wa Unguja

Hongera mwanangu. Kwenye tui, liponde upande wa kitako tu, kule juu ni kwa chai.

#23 Natokea Njombe

Wakuu, mrejesho. Baada ya kusoma #3 nilikwenda nyuma ya banda, pale nilipotupa kichaka cha mwaka huu. Kilikuwa kimelala ubavu, mizizi juu. Nimekwangua vitako kumi na vinne. Kumi na mmoja ni vikavu mpaka ndani. Vitatu ni vyeupe, na kimoja kina vile vidoa kama punje za mchele. Nimekata majani shubiri moja, nimeviweka kwenye ndoo ya matundu nane, barazani upande wa ukuta wa jiko. Nikague tena baada ya siku ngapi?

#24 Mtunza Ndoo

Usivifukue mkuu, utavunja mizizi. Angalia jani la katikati kabisa, lile lililokatwa. Kwa baridi ya kwenu lipe wiki tatu. Likisukuma juu hata upana wa kidole, limeshika.